Oili ya kompresa ya AC kwenye gari la zamani: soma dalili kabla ya kununua kopo

Mwenye Mercedes W123 au Peugeot 504 iliyotunzwa vizuri hapa Dar huanza kuhangaika na AC mwezi Desemba, joto likishafika nyuzi 32 na foleni ya Ubungo ikagoma kusogea. Anapeleka gari kwa fundi, anaambiwa, "Bosi, gesi imeisha, tujaze tu." Gesi inajazwa, ubaridi unadumu wiki kadhaa, kisha joto linarudi, na safari hii kompresa inalia. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyetaja oili, wakati ndani ya kompresa hakuna kingine kinachozuia chuma kulana na chuma. Oili hiyo haikai imetulia kama ya injini. Inabebwa na gesi, inazunguka kondensa (ile ya mbele inayotoa joto nje), evaporeta (ile ya ndani inayopoza hewa) na mabomba, kisha inarudi kompresa. Gesi ikishindwa kuibeba, hairudi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela dukani shika mambo mawili: aina ya oili huamuliwa na gesi, na uzito wa oili, yaani wepesi au unene wake inapotiririka, huamuliwa na kompresa. Anayekuuzia oili bila kukuuliza hayo mawili anakuuzia kilichopo rafuni.

Kwanza ujue kilichomo

Magari yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na gesi ya R12. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ndiyo iliyoifungia njia kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni. Watengenezaji wa magari wakahamia R134a mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nchi zinazoendelea, yetu ikiwemo, zikapewa hadi 2010 kuachana na R12. Maana yake, gari la umri huo linalopoza leo karibu kwa hakika limeshabadilishwa gesi, pengine zaidi ya mara moja, na aliyebadilisha hakuandika popote.

Tazama midomo ya kujazia gesi. Ya R12 ni myembamba na ina meno ya kufungia kwa nje, kama mdomo wa tairi. Ya R134a ni minene, laini kwa nje, inapokea kiunganishi cha kubonyeza, na ule wa presha kubwa ni mnene kuliko wa presha ndogo. Ukikuta adapta ya R134a imefungwa juu ya mdomo wa zamani, gari limebadilishwa. Ukikuta mdomo wa zamani mtupu na gesi imo, usiamini maneno ya mtu.

Kipimo cha pili kinataka subira kidogo. Asubuhi, gari likiwa limelala kivulini na injini ni baridi, unganisha geji bila kuwasha chochote. Hewa ikiwa nyuzi 30, R134a itasoma karibu psi 97 na R12 karibu psi 93, kwa hiyo geji haitakutenganishia hizo mbili. Lakini ikisoma 140 au zaidi, humo kuna kitu kisichostahili kuwemo: R22 ya AC za nyumbani, ambayo kwa joto hilo hufika karibu psi 158, au gesi ya jamii ya ile ya kupikia, au hewa iliyoingia kwa kujaza bila kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwa pampu kwanza. Usiwashe AC. Gesi itolewe kwa mashine, isifunguliwe hewani, hasa ile inayowaka, maana evaporeta imekaa ndani ya dashibodi mbele ya magoti yako.

Oili zenyewe

Oili ya madini, ile itokanayo na mafuta ghafi, ndiyo mwenzi wa R12. Inayeyuka ndani ya gesi hiyo vizuri, haivutii unyevu sana, na ilifanya kazi miaka mingi bila lawama. Tatizo lake ni kwamba R134a haiibebi. Ukijaza R134a juu ya oili ya madini, gari litapoza, tena vizuri sana, na ndiyo sababu mwenye gari huondoka gereji akitabasamu. Huku nyuma oili inatuama chini ya evaporeta na kondensa, kompresa inabaki kavu, na baada ya muda kelele zinaanza. Kwa maoni yangu hiki ndicho kinachoua kompresa nyingi za magari ya zamani mjini hapa, ingawa lawama huangukia "uzee wa gari".

PAG, oili ya kutengenezwa kwa kemikali, ndiyo ambayo viwanda vilichagua kwa R134a. Inalainisha vizuri sana. Ila inakunywa unyevu wa hewa kwa pupa, na PAG ya kawaida haipatani na mabaki ya oili ya madini wala klorini iliyoachwa na R12. Kwa gari lililozaliwa na R134a, weka PAG bila kuwaza. Kwa gari lililohamishwa kutoka R12, iweke tu kama mfumo umesafishwa kabisa na kompresa ni mpya au imefunguliwa na kusafishwa.

Esta, ambayo kwenye kopo huandikwa POE, inakwenda na R134a na inavumilia mabaki ya oili ya madini. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa gari la R12 lililohamishwa, kwa sababu katika gereji ya kawaida huwezi kutoa oili ya zamani yote. Kuna matone yatakayobaki kwenye kona za evaporeta hata ukipuliza mpaka jioni. Kasoro yake ni kwamba nayo inakunywa unyevu, na ikishalowa huvunjika na kuzaa asidi inayokula chuma kutoka ndani.

Sasa uzito. PAG huuzwa kwa namba 46, 100 na 150; namba ikiwa kubwa, oili ni nzito. Kompresa nyingi za Denso, ambazo zamani ziliandikwa Nippondenso, zinataka 46. Nyingi za Sanden zinataka 100. Baadhi ya za Kimarekani zinataka 150. Neno la mwisho liko kwenye kibandiko kilicho ubavuni mwa kompresa, siyo kwenye jina la gari, kwa sababu magari mengi ya zamani hapa yamefungwa kompresa isiyo ya kiwandani. Nyepesi mno, utando unakatika na vyuma vinalana. Nzito mno, inachelewa kurudi.

Hapo pia kuna mtego wa mafundi friji. Oili ya madini ya Suniso 3GS inapatikana kwa urahisi kwao, ni nzuri kwa kazi yao, lakini uzito wake ni wa daraja la 32. Kompresa za gari za enzi ya R12 kwa kawaida zilitaka kitu cha daraja la 100, ambacho kwenye familia hiyohiyo ni 5GS. Herufi zilezile, kopo linafanana, kazi tofauti. Oili ya injini, ya gia na ya usukani hazina nafasi hapa kabisa, hata kama fundi anaapa kwamba "zote ni oili".

Ukiwa na kompresa ya York, yenye pistoni mbili za wima na sampu (beseni) yake ya oili chini, sahau PAG. Weka madini kama bado uko kwenye R12, au esta kama umehamia R134a. Faida yake ni kwamba ina plagi ubavuni: unaweza kupima kina cha oili kwa kijiti, jambo ambalo kompresa za kisasa hazikuruhusu.

Kompresa inapiga kelele

Zima AC, injini iendelee kunguruma. Kelele ikiendelea, ni beringi ya puli au mkanda. Oili haihusiki, na ukibadilisha oili utakuwa umetupa hela. Kelele ikianza klachi ya kompresa, ile inayoishikisha na puli, inaposhika na kuisha inapoachia, iko ndani.

Kabla ya kuilaumu oili, angalia kiasi cha gesi. Mfumo wenye gesi pungufu haurudishi oili hata kama oili ni sahihi. Gesi ikiwa sawa na mlio bado upo, kuna sababu mbili za kawaida: R134a juu ya oili ya madini, au oili nyepesi kuliko kompresa inavyotaka. Zote mbili zinathibitishwa kwa kuifungua kompresa na kumwaga kilichomo. Ukipata vijiko viwili vya oili kutoka kompresa iliyotakiwa kuwa na mililita mia na kitu, jibu unalo: oili ipo garini, ila imelala mahali pengine.

Inapoza barabarani, kwenye foleni inaleta joto

Hapa wengi hukimbilia oili au gesi, na mara nyingi si hizo. Ukiwa Bagamoyo Road kwenye mwendo, upepo unaingia wenyewe kwenye kondensa. Ukisimama Mwenge, unategemea feni. Chumvi ya bahari na vumbi vimeshakula mapezi ya kondensa za magari mengi ya Msasani na Kigamboni, na mapezi yakishaoza, joto halina pa kutokea.

Fanya jaribio hili: gari likiwa limesimama, AC imewashwa, mwagia kondensa maji taratibu. Presha kubwa ikishuka haraka na hewa ikapoa, tatizo ni upepo: feni, kondensa, au rejeta yenye joto kali inayoipasha kondensa iliyo mbele yake. Presha ikibaki juu na hewa haipoi, na una uhakika gesi ilipimwa kwa mizani, basi shuku oili iliyozidi. Oili ikizidi inajipaka ndani ya kuta za kondensa na evaporeta, joto linapita kwa shida, na presha inapanda. Huwa inazidi polepole, kwa sababu vikopo vingine vya gesi vinakuja na oili ndani, na kila anayejaza anaongeza kidogo bila kutoa kitu.

Namba za kulinganisha: kwenye R134a, hewa ikiwa nyuzi 32 na injini iko mizunguko 1500, presha ndogo iwe kati ya psi 25 na 45, kubwa kati ya 200 na 250. Zikikaribiana, ndogo iko juu na kubwa iko chini, kompresa imechoka ndani na hakuna oili itakayoifufua.

Inapoza, inaacha, inapoza tena

Tazama klachi wakati hewa inapogeuka joto. Ikiwa imeachia, fuatilia umeme: swichi ya presha, thamostati, rilei. Ikiwa bado imeshika lakini hewa imekuwa ya joto, na geji ya presha ndogo inashuka kuelekea sifuri au chini yake, kuna maji ndani. Yanaganda kwenye tundu la ekspansheni valvu, ile inayoingiza gesi kwenye evaporeta, yanaziba njia, ukizima dakika chache yanayeyuka na ubaridi unarudi.

Maji hayo aghalabu yameingia na oili. Kopo la PAG au esta lililofunguliwa wiki iliyopita na kufunikwa na kitambaa, kwa unyevu wa Dar, halifai tena. Dawa ni kutoa gesi, kumwaga oili, kubadilisha draya (kikopo cha kunyonya unyevu ndani ya mfumo), kuvuta vakyumu kwa muda mrefu, na kuweka oili ya kopo jipya. Kuongeza gesi kwenye hali hii ni kupoteza gesi.

Oili inatoka kwenye pua ya kompresa

Utando mwembamba wa oili nyuma ya klachi si jambo la kukosesha usingizi. Vumbi lililoganda likalowa, na matone yaliyorushwa kwenye boneti kwa mstari, hayo ni sili ya shafti inayovuja. Magari ya zamani yanaugua hivi kwa sababu yanakaa: wiki nne bila kuwashwa, sili inakauka na kujikunja. Washa AC dakika kumi kila wiki hata kama gari haliendi kokote. Oringi, zile pete za mpira za viungo, nazo ubadilishe zote wakati wa kuhamisha gesi, uweke zinazostahimili R134a, na usizinunue kwa kuangalia rangi ya kijani peke yake. Zipake oili ya madini kabla ya kufunga, kwa sababu PAG ikibaki nje ya kiungo huvuta maji.

Rangi ya oili uliyomwaga

Hii ndiyo sehemu inayosema ukweli kuliko geji zote, na mafundi wengi huimwaga chini bila kuitazama. Imwage kwenye chupa ya kioo, iweke juani.

Ikiwa safi au ya manjano hafifu, kompresa ni nzima. Kijani kinachong'aa ni rangi ya kutafutia mivujo, mtu aliwahi kuitia. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni unyevu na joto la muda mrefu. Badilisha oili na draya, mfumo unaweza kupona. Ikitengana tabaka mbili, humo kuna oili za aina mbili zisizopatana, na itabidi usafishe mabomba.

Yenye vumbi la fedha ni aluminiamu ya pistoni na kuta zake. Nyeusi kama lami, yenye chembe ukiisugua kati ya vidole, ni kompresa iliyojisaga na kusambaza uchafu kila mahali. Kwa hizi mbili, kubadilisha oili tu ni kazi bure. Kondensa isafishwe kwa kemikali au inunuliwe nyingine, kwa sababu zile za vijia vyembamba hazisafishiki; ekspansheni valvu na draya ziwe mpya, maana hizo hazioshwi. Ukifunga kompresa mpya juu ya uchafu huo, nayo itafuata njia hiyohiyo.

Kuweka oili na kupima

Oili ya zamani itoe kompresa ikiwa imefunguliwa na kuinamishwa, huku ukizungusha shafti kwa mkono. Pima ulichotoa kwa bomba la sindano la duka la dawa. Kama kiasi kinaeleweka na kompresa ni nzima, rudisha kiasi hicho cha oili mpya. Ukibadilisha vipande, ongeza: kondensa takriban mililita 40, evaporeta 40 hadi 60, draya 15 hadi 20. Kama umeosha mfumo wote, weka kiasi kamili kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari au kompresa. Zungusha shafti kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuwasha, oili isije ikajibana mbele ya pistoni na kuvunja valvu.

Draya ya enzi ya R12 usiirudishe. Punje zake za kukausha, zinazoitwa XH-5, hazivumilii R134a. Tafuta yenye XH-7 au XH-9. Vakyumu ivutwe dakika 45 au zaidi, kisha zima pampu na uache geji nusu saa. Sindano ikisogea, kuna tundu.

Gesi ipimwe kwa mizani. R134a huwekwa asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R12 ulioandikwa: gari lililotaka kilo 1 litapata gramu 800 hadi 850. Usijaze mpaka mapovu yaishe kwenye kioo cha kuchungulia. Kioo kile kilitengenezwa kwa R12. Ukikifuata na R134a utazidisha gesi, presha itapanda, na utaanza upya kutafuta kosa kwenye oili.

Dukani

Kariakoo na Gerezani oili zipo za kila namna. Chagua kopo dogo la bati la mililita 250, la kutosha kazi moja, lenye muhuri mzima. Plastiki hupitisha unyevu polepole, na huwezi kujua kopo limekaa rafuni misimu mingapi. Jina la gesi na namba ya uzito vyote viwe vimeandikwa; kimoja kikikosekana, liache hapo. Neno "universal" kwenye kopo halijibu swali lako.

Jambo la pembeni, kwa faida ya jirani mwenye Prius au Aqua: kompresa yake ni ya umeme na inatumia esta maalumu isiyopitisha umeme. Fundi akitoka kwako na mipira ya geji yenye PAG akaiunganisha kwake bila kusafisha, anaweza kuharibu kinga ya umeme ya kompresa hiyo.

Kazi ikiisha, andika kwenye kibandiko chini ya boneti: tarehe, gesi na gramu zake, oili na uzito wake, mililita ulizoweka. Na ukiamua kununua kompresa mpya, kumbuka nyingi zinakuja na oili ndani tayari, mara nyingi PAG. Imwage yote, pima, kisha uweke ile uliyochagua, hata kama muuzaji amekuambia ifunge tu kama ilivyo.